Mjamzito anayetumia unga: apewe methadoni au afungiwe mpaka ajifungue?

Binti Keko: Wadau, jana kwenye daladala alipanda dada mjamzito, anasinzia kashika bomba. Konda akapayuka, "Huyo teja, katoka kunywa dozi." Nusu ya gari wakasema afungiwe ndani mpaka ajifungue. Mzee mmoja akaongeza kwamba methadoni yenyewe, ile dawa ya kunywa wanayopewa watumiaji badala ya unga, yaani heroini, ni unga wa serikali. Nilinyamaza, nikajilaumu mpaka nyumbani. Basi najibu hapa.

Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, sasa imefika mpaka mikoani. Kwa kawaida unakunywa dawa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Mimi nasema mjamzito apewe. Ukimkatisha unga ghafla, arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea, haimpati peke yake: mimba inaweza kutoka, au uchungu ukaja kabla ya siku zake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 nao unashauri apewe dawa mbadala, asiachishwe kwa mkupuo.

Baba Shani: Na mtoto je? Anazaliwa na arosto. Mimi nimemwona mmoja kwa macho yangu, analia sauti nyembamba kama paka, anatetemeka, hata kunyonya hawezi. Yeye kakosa nini? Halafu dawa ni kodi yangu.

Binti Keko: Hilo sibishi, wengine huzaliwa hivyo. Ila ile arosto inatibika wodini, mradi wauguzi wajue mapema mama anatumia nini. Mama akibaki na unga mtoto anaweza kuipata vilevile, tena baada ya miezi tisa ya mwili kupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Methadoni ni mara moja, mwili unatulia.

Nesi Mstaafu: Niongeze mawili. Mimba ikikua, dozi ya zamani huweza isimtoshe, ikabidi iongezwe. Ndugu wakisikia wanasema karudia ulevi, kumbe ni mwili tu. Pili, anyonyeshe. Methadoni inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Lakini kama bado anachanganya na unga, aongee kwanza na daktari.

Mwana wa Darajani: Huku kwetu Unguja tumezowea soba hausi, nyumba wanamokaa watu wanaoacha unga, nazo nyingi ni za wanaume. Mwanamke mwenye mwana anyonyaye umpeleke wapi?

Mama Wawili: Nasoma tangu mwanzo, mkono unasita. Mimi nakunywa dozi, huu mwaka wa nne. Mimba ya pili niliificha mpaka mwezi wa saba. Kijiweni waliniambia nikijiandikisha tu, ustawi wa jamii watamchukua mtoto. Hakuna aliyemchukua, ila miezi saba ilishapita kwenye kete, vile vipakiti vya unga.

Nilipoanza, kilichonitesa ni foleni kuliko dawa. Wanaume watupu, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha unga. Kila asubuhi nasimama nyuma yake. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na mlinzi hataki watoto ndani. Mnabishana nipewe au nisipewe, wakati kuna siku dawa ipo dirishani na mimi niko nje ya geti na mtoto mgongoni.

Baba Shani: Pole dada. Kuhusu kodi sijabadilika, nitasema ukweli. Lakini kama dawa imeshanunuliwa halafu anayeihitaji anazuiwa getini, hapo hata mimi naibiwa. Si watenge saa moja ya kina mama tu?

Mwana wa Darajani: Saa moja, na mtu wa kushika watoto. Hapo hapajengwi jengo jipya.

Nesi Mstaafu: Au wampe dozi palepale anapopimisha mimba. Safari moja badala ya mbili.

Binti Keko: Mama Wawili, wewe mtoto ulikuwa unamwachia nani?

Mama Wawili: Mama muuza ndizi wa pale getini. Siku asipokuja kazini, nami sinywi.