Naomba ushauri: kuna mtu ananunua nyoka wenye pembe wa Usambara

Habari za jioni wanajamvi. Naishi Moshi ila nyumbani ni Muheza, upande wa Amani, na shamba letu limepakana na msitu. Kuna mgeni anapita vijijini akiwaahidi vijana pesa wakimkamatia wale nyoka wadogo wa mitini, wenye magamba yaliyosimama juu ya macho kama pembe. Nyoka huyu ni wa Tanzania tu, katika misitu michache ya Usambara, Uluguru na Udzungwa. Ana sumu, na hakuna dawa iliyotengenezwa mahususi kwa sumu yake. Mdogo wangu ni mmoja wa hao vijana, roho inaniuma.

Nimeongea na mwenyekiti wa kitongoji, akasema nyoka ni nyoka, waache wajipatie riziki.

Kutoa taarifa siogopi. Ninachoogopa ni kutaja nyoka hao wanapoonekana, maana hata watafiti waliomtangaza nyoka mwingine wa jamii yake kama spishi mpya hapa nchini mwaka 2011 walificha eneo makusudi, wafanyabiashara wasilifikie.

Je, nianzie TAWA (mamlaka ya wanyamapori), au TFS (wakala wa misitu) wanaosimamia msitu? Na taarifa niiandikeje bila kuanika mahali penyewe? Aliyewahi kufanya hivi naomba anielekeze.