Ulinganisho: tununue mchezo upi wa vita vya mezani, na wanunuzi wake hasa ni akina nani?

Mweka_Hazina (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha michezo ya mezani kimechanga fedha za kununua mchezo mmoja wa vita unaochezwa kwa sanamu ndogo, na mimi ndiye niliyekabidhiwa jukumu la kuchagua. Nimebakiwa na machaguo matatu. La kwanza ni sanduku la kuanzia la Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya kubuni vya wakati ujao, lenye majeshi mawili na kanuni zake. La pili ni Bolt Action, mchezo wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia unaotumia sanamu za milimita 28. La tatu ni kununua printa ya 3D inayotumia risini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, tukafuata kanuni za One Page Rules, ambazo toleo lake la msingi hutolewa bure, na majeshi tukajichapia wenyewe.

Ubora wa kanuni haunisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba sanduku moja halitoshi kikundi kizima. Baada ya hapo kila mwanachama atalazimika kujinunulia jeshi lake, na wasipofanya hivyo, fedha za watu zitakuwa zimegeuka pambo la rafu. Kwa hiyo naomba nijue kwanza: watu wanaonunua vitu hivi mara kwa mara ni akina nani hasa? Malipo nakusudia kuyafanya mwisho wa mwezi.

Kete_Sita

Mleta mada, umeomba dawa bila kuutaja ugonjwa. Mko wangapi? Mna umri gani? Meza yenu ina ukubwa gani? Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kushika brashi? Vita kamili vya Warhammer 40,000 vilizoeleka kuchezwa kwenye meza ya futi 6 kwa 4, na nimeona vikundi viwili vikinunua majeshi kwanza na kugundua baadaye kwamba havina pa kuyapanga. Jibu maswali haya, kisha tuzungumze.

Brashi_Sifuri

Nitajibu swali la msingi, kwa kuwa ndilo linalonihusu. Mnunuzi mkuu wa sanamu hizi ni mpaka rangi, wala si mchezaji. Mchezaji akishapata jeshi la kumtosha hutulia, wakati mpaka rangi hatulii kamwe, kwa sababu kila sanduku jipya kwake ni kazi mpya. Nina sanamu zaidi ya mia tatu na nimecheza mara nne tu maishani mwangu. Usiku hukwangua mstari ulioachwa na kalibu kwenye plastiki kwa mgongo wa wembe, naongeza maji kwenye rangi hadi iwe nyepesi kama maziwa, kisha napaka tabaka la kwanza, nasubiri likauke, ndipo la pili. Uso wa sanamu ya milimita 28 haufikii ukubwa wa punje ya mahindi, na ukifanikiwa kuuwekea jicho lisilokodoa, unalala na furaha ambayo dadu haziwezi kukupa.

Nunueni Warhammer 40,000. Nasema hivyo kwa sababu ya plastiki yake, kanuni zake sina haja nazo.

Mwanahistoria_wa_Meza

Ndugu Brashi_Sifuri anajielezea yeye mwenyewe na kudhani ameueleza ulimwengu. Mnunuzi wa michezo hii amekuwa akibadilika tangu mwanzo. Mwaka 1824, ofisa Reisswitz mdogo alipochapisha kanuni zake za mchezo wa vita huko Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, akiendeleza kazi ambayo baba yake alikuwa ameionyesha kwa mfalme mwaka 1812, walengwa walikuwa maofisa wa jeshi, na lengo lilikuwa mafunzo. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za kuchezea askari wa bandia sakafuni, wakipigwa kwa mizinga midogo ya springi, na kwenye jalada akawataja walengwa wake: wavulana wa kuanzia miaka kumi na miwili hadi mia moja na hamsini, pamoja na wasichana wenye akili zaidi wanaopenda michezo ya wavulana. Ni mzaha, lakini una ukweli ndani yake, maana alikwisha kutambua kwamba mtoto na mtu mzima wananunua kitu kimoja.

Ushauri wangu ni Bolt Action. Ulitoka mwaka 2012, dadu za amri hutolewa mfukoni moja baada ya nyingine, kila moja ikimruhusu mwenyewe kuamuru kikosi kimoja tu, hivyo hakuna anayekaa nusu saa akimtazama mpinzani wake akisogeza jeshi zima. Zaidi ya hayo, hakuna kampuni inayomiliki sare ya askari wa mwaka 1944. Sanamu za mtengenezaji yeyote zitafaa, na kanuni zikibadilika jeshi lako halitaondolewa kwenye kitabu cha kanuni.

Bi_Kamanda

Hao "wasichana wenye akili zaidi" tunakushukuru kwa kutukumbuka. Naomba niseme kwamba katika miaka yangu ya kuchora ramani za vita na kuhesabu dadu, mara nyingi nimeulizwa kama nimemsindikiza mtu. Nikauliza nami: kama muuzaji anadhani mimi si mteja, atajuaje ni nani anayenunua?

Mwanahistoria_wa_Meza

Dada, nilikuwa nanukuu mawazo ya mwaka 1913. Siyo yangu.

Kete_Sita

Hoja ya Bi_Kamanda ni nzito kuliko inavyoonekana. Ripoti za mwaka za Games Workshop, yaani watengenezaji wa Warhammer, ziliwahi kuwaeleza wateja wake kuwa ni watu wanaotaka kukusanya sanamu, wengi wao wanaume wa tabaka la kati, vijana na watu wazima wenye kuchagua. Angalieni neno "kukusanya": kucheza hakukutangulizwa. Mwaka 2014 mwenyekiti wake wa wakati huo, Tom Kirby, akaandika kwamba kampuni haifanyi utafiti wa aina za wateja wala haiulizi soko linataka nini. Kampuni hiyo iliyoanza London mwaka 1975 iliingia katika FTSE 100, orodha ya kampuni mia moja kubwa za soko la hisa la London, mwezi Desemba 2024, kwa hiyo siwezi kusema ujeuri huo uliiangusha. Lakini sisi wenye swali dogo la mleta mada tunabaki tukikisia.

Na mleta mada bado hajajibu.

Risini_Tu

Mnazunguka mbuyu. Mnunuzi wa leo ni mwenye printa. Jeshi la watu hamsini ambalo ungelinunua sanduku baada ya sanduku, mimi nalichapa kwa siku chache, na mchongo wake ni safi hata kwenye vidole. Kikundi kikiwa na printa moja, hakuna mwanachama atakayelazimika kununua chochote zaidi ya sehemu yake ya risini. Swali la "nani ananunua" linakufa hapo hapo.

Brashi_Sifuri

Halifi, linahama. Badala ya kununua askari utanunua glavu, barakoa, pombe ya kusafishia, taa ya miale ya urujuanimno ya kukaushia, na chumba chenye hewa inayopita, maana risini ambayo haijakauka hudhuru ngozi na harufu yake si ya kukaa nayo sebuleni. Halafu ndani ya kikundi atapatikana mtu mmoja tu wa kuihudumia mashine, na huyo atageuka kiwanda cha wenzake bila mshahara.

Risini_Tu

Huyo mtu ni mimi, na silalamiki.

Bi_Kamanda

Nitawasimulia yaliyotupata sisi, kwa kuwa mleta mada anaelekea pale pale tulipoangukia.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulichanga kama wao, tukaagiza sanduku kubwa la mchezo ambao sitautaja, kutoka kwa muuzaji ambaye pia sitamtaja. Siku lilipofunguliwa, kila mtu alikuwa na shauku. Tuligawana fremu za plastiki kama watu wanaogawana nyama ya arusi. Kila mmoja aliahidi kurudi baada ya majuma mawili akiwa ameunganisha na kupaka vikosi vyake. Majuma mawili yalipopita, watatu walikuja na askari waliounganishwa lakini wa kijivu, mmoja alikuwa amebandika mikono ya kushoto upande wa kulia, na waliobaki walileta visingizio. Mimi mwenyewe nilipulizia rangi ya msingi siku ambayo hewa ilikuwa ya joto na kavu mno. Rangi ilikauka angani kabla ya kufika kwenye plastiki, ikatua kama unga, na askari wangu ishirini wakaonekana kama waliogaagaa kwenye mchanga. Nilisugua kwa mswaki mkuukuu jioni tatu mfululizo.

Tulicheza hivyo hivyo, majeshi ya kijivu dhidi ya majeshi ya kijivu, mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa wanne. Tukakubaliana kwamba mchezo umekufa, na tukaanza kulaumiana kuhusu fedha. Katika kukusanya vilivyosalia, nilikwenda nyumbani kwa mwenzetu mmoja mkimya ambaye hakuwahi kucheza hata mara moja. Alikuwa akija, anakaa pembeni, anatazama, anaondoka. Nilimkuta na kabati. Sehemu yake ya sanduku la pamoja ilikuwa imepakwa yote, hadi vifungo vya makoti. Kando yake palikuwa na masanduku mengine manne aliyojinunulia bila kumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini hakuyaleta, akanijibu kwamba alikuwa akiogopa tungeyashika kwa vidole vyenye mafuta.

Kwa hiyo kati yetu kumi na mmoja, mteja wa kweli alikuwa mmoja, na ndiye ambaye sote tungeapa kwamba mchezo haumvutii.

Brashi_Sifuri

Bi_Kamanda amemaliza mjadala.

Mwanahistoria_wa_Meza

Amemaliza upande wako tu, ndugu. Mtu mmoja mwenye kabati hafanyi kikundi. Na wako wanunuzi wengine ambao hamjawataja: wacheza michezo ya uigizaji, wanaonunua sanamu moja moja kwa ajili ya wahusika wao. Mwaka 2012 kampuni ya Reaper walipochangisha fedha kwenye Kickstarter, tovuti ya michango ya umma, kwa ajili ya sanamu zao za Bones, walichangiwa zaidi ya dola milioni 3 na watu zaidi ya 17,000, na sanamu hizo hazikuuzwa kama majeshi ya mchezo wowote wa vita. Wako pia wanaovutwa na filamu. Games Workshop waliuza sana sanamu za The Lord of the Rings filamu zilipokuwa zikitoka kati ya 2001 na 2003, kisha zilipokwisha mauzo yakashuka na kampuni ikayumba. Wale walikuja kufuata filamu na wakaondoka nayo.

Kete_Sita

Kama kupaka rangi ndiko kunakowakimbiza wengi, kwa nini hakuna anayependekeza sanamu zilizokwisha pakwa? Star Wars: X-Wing ya mwaka 2012 ilikuja na ndege zilizopakwa tayari, unafungua, unacheza. Ingekuwa jibu kwa wenzake Bi_Kamanda walioacha kucheza.

Risini_Tu

Na mwaka 2024 watengenezaji wakatangaza kwamba hawauendelezi tena. Jibu gani hilo?

Kete_Sita

Miaka kumi na miwili si haba. Na waliokwisha kununua bado wanazo ndege zao.

Mweka_Hazina

Samahanini kwa kuchelewa. Nilikuwa nasoma kwa makini. Tuko tisa. Wawili ni vijana wa miaka kumi na sita, ambao fedha zao ni za wazazi. Watano ni watu wazima wenye kazi, na wawili wamestaafu. Aliyewahi kushika brashi ni mmoja, naye alipaka ukuta. Nikiri pia kwamba kati ya wale watano, mmoja tayari ana masanduku mawili ya Warhammer tangu ujana wake, hayajafunguliwa. Sikuona umuhimu wa kulitaja hilo mwanzoni.

Brashi_Sifuri

Hukuona umuhimu! Ndugu yangu, huyo ndiye mnunuzi uliyekuwa ukimtafuta: aliyevutiwa akiwa kijana, akaacha kwa sababu ya masomo, uchumba na kazi, kisha anarudi akiwa na kipato na kumbukumbu. Muulize kwa nini hakuyauza miaka yote hiyo.

Mwanahistoria_wa_Meza

Na wastaafu wawili? Hao ndio wenye saa za kutosha, na vita vya kihistoria ndivyo vinavyowapa sababu ya kurudi vitabuni. Bado nasimamia Bolt Action.

Bi_Kamanda

Mweka_Hazina, usilipe mwisho wa mwezi. Mwombe huyo mwenye masanduku afungue moja, kama roho yake itamruhusu. Mpe kila mwanachama askari mmoja tu, brashi moja na rangi tatu, bila ahadi wala tarehe, kisha usimkumbushe mtu. Watakaorudi na askari aliyepakwa bila kuulizwa ndio watakaonunua. Waliobaki watacheza kwa majeshi ya wenzao, na hilo pia si kosa.

Risini_Tu

Au niwachapie tisa. Naweza kuwatumia.

Mweka_Hazina

Nimerudi baada ya majuma matano. Mwenye masanduku alikataa kufungua, akasema atanunua jipya kwa ajili yetu, na akanunua kweli, kwa fedha zake mwenyewe. Nikagawa askari tisa. Hadi leo wamerudi watatu. Mmoja ni wa mstaafu, amepakwa vizuri kupita kiasi. Mmoja ni wa kijana, rangi imejaa hadi sura haionekani, lakini ameshaomba wa pili. Wa tatu ni wangu, na sikutegemea kwamba ningekaa naye hadi saa saba za usiku. Mstaafu anataka Bolt Action, kijana anataka Warhammer, na mimi nimeanza kusoma habari za printa. Fedha za kikundi bado hazijaguswa.

Kete_Sita

Hongera. Hujatuambia ukubwa wa meza.