Nimeandikiwa faini ya simu gari likiwa limesimama pembeni, naombeni ushauri

KentaYaDagaa (mtoa mada)
Mwangaluka wakuu.

Mimi ni dereva wa Kenta, nasomba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga na Kahama. Juzi asubuhi nimeshapakia, nimetoka getini, sijafika mbali tajiri akapiga simu. Huyu mzee ukiacha kupokea mara mbili tu anajua umeuza mzigo. Nikawasha endiketa ya kushoto, nikatoka kabisa nje ya lami, matairi yote yakawa kwenye vumbi, nikavuta hendibreki na gia nikaitoa. Injini sikuzima maana stata inasumbua, ningezima pale ningeanza kuwabembeleza wabeba mizigo waje kusukuma gari lenye shehena. Ndipo nikapokea.

Hata shikamoo haijaisha kutoka mdomoni, naona mtu anagonga mlango. Trafiki, alikuwa kivulini ng'ambo ya barabara. Anasema simu iko sikioni, injini inaunguruma, kwa hiyo unaendesha. Nikabisha kiungwana, utingo naye akadakia kwa sauti ya mwaloni, mambo yakaharibika. Mashine ikatema karatasi: 30,000, kosa ni kutumia simu wakati wa kuendesha gari.

Naomba kujua, injini ikiwaka gari limesimama pembeni, sheria inasema naendesha? Halafu tajiri anasema faini ni ya dereva, atakata kwenye mshahara wangu. Aliyekuwa anapiga ni yeye mwenyewe!

Baba Kulwa
Lipa hiyo elfu thelathini ulale. Ukianza kuzunguka mahakamani kwa ajili ya simu, Kenta imelala, dagaa wameingia unyevu, tajiri kashampa mtu mwingine ufunguo. Haki utaipata, kazi huna.

Binti Ukara
@Baba Kulwa kwa ushauri wa hivi ndiyo maana tunaandikiwa kila kukicha. Ngoja waje wanaojua sheria.

Wakili wa Kona
Pole mkuu. Kabla ya kubishana injini inawaka au haiwaki, toa hiyo karatasi uisome polepole. Angalia kosa limeandikwa kwa maneno gani na mahali gani pametajwa. Watu wengi wanabishana na trafiki juu ya kitu kimoja, kumbe karatasi imeandika kingine. Kwako imeandikwa "wakati wa kuendesha", kwa hiyo hapo ndipo utetezi wako ulipo. Ungeandikiwa kuegesha mahali pasiporuhusiwa, hadithi ya hendibreki isingekusaidia chochote.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973. Simu ya mkononi imeingia nchini miaka ya tisini. Kwa hiyo usikubali maneno ya jumla kwamba "sheria inakataza simu". Uliza kwa adabu: kifungu au kanuni gani, inasemaje? Katiba yenyewe, ibara ya 13(6), inasema mtu haadhibiwi kwa tendo ambalo wakati linatendeka halikuwa kosa kisheria, na hahesabiwi mkosaji mpaka ithibitike. Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, wewe si kazi yako kuthibitisha kwamba hukuendesha.

Sasa upande wa pili, ili usidhani nakupamba. Injini kuwaka kunampa askari hoja. Atasema ulikuwa kwenye usukani, gari liko tayari kuondoka, ulisimama kwa muda tu. Hoja yako ni kwamba ulikuwa nje ya lami, gia imetoka, hendibreki iko juu, na yupo shahidi, yaani utingo. Mwambie akumbuke alichokiona tu, asiongeze chumvi. Rudi pale upige picha mahali uliposimama, ionekane lami inaishia wapi na kama kuna kibao cha kukataza kusimama. Kama kibao kipo, ni heri ukione wewe kwanza kuliko uoneshwe mahakamani.

Ile karatasi ni taarifa ya kosa. Ukilipa, umekubali kosa. Hulazimiki kukubali, unayo haki ya kusema hukubali na shauri likaenda mahakamani. Unaweza pia kuanzia kwa mkuu wa trafiki wa wilaya au kwa RTO, yaani mkuu wa trafiki wa mkoa, ukamweleza bila kelele. Usichotakiwa kufanya ni kunyamaza, maana deni linabaki kwenye mfumo na likichelewa linaongezeka. Na ukiamua kulipa, lipa kwa kontrol namba. Hela ya mkononi usimpe mtu.

Mzee wa Nyakato
Nimeendesha malori tangu barabara ya Musoma ina vumbi. Ng'wanawane, stata mbovu ndiyo kesi yako halisi. Gari lisilozimika ukiwa umeegesha, hata bila simu, ni mtego. Mwambie tajiri atengeneze stata kabla hajakata mshahara wa mtu.

Nipo Leicester
Huku Uingereza hili swali limeshamaliza mjadala. Kushika simu ukiwa kwenye foleni au umesimama kwenye taa nyekundu unahesabiwa unaendesha, hata kama injini imejizima yenyewe. Faini pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili, pointi 6 zinatosha kumnyang'anya. Tangu Machi 2022 wamekaza zaidi, hata kupiga picha au kuperuzi ni kosa. Kinachokuokoa ni kuwa umeegesha mahali salama. Wameacha mlango wa dharura, kupiga 999 pale ambapo huwezi kusimama, na kulipa kwa simu gari likiwa limesimama, mfano dirishani unaponunua chakula.

Mnyakyusa wa Hamburg
Ujerumani wao wameandika waziwazi: gari limesimama NA injini imezimwa kabisa, shika simu utakavyo. Ile injini inayojizima yenyewe kwenye taa haihesabiwi kuwa imezimwa. Ungekuwa huku, mkuu, hiyo stata ingekugharimu yuro 100 na pointi moja.

Wafaransa ndio balaa. Januari 2018 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya jamaa aliyesimama kwenye mzunguko, njia ya kulia, kawasha taa za hatari, simu mkononi. Wakasema gari lililosimama kwa muda kwenye barabara ya umma bado liko safarini, injini iwake isiwake. Taa za hatari hazikumsaidia. Nasema hivi kwa sababu bongo watu wengi wanadhani ukiwasha hazadi umepewa kibali cha kufanya lolote.

Otieno wa Kisumu
Majirani, huku kwetu kanuni za makosa madogo za 2016 zinataja dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea, faini 2,000 za Kenya. Kwa hiyo umeegesha pale Dunga unaongea na mama watoto, afisa akikushika muulize gari lilitembea saa ngapi. Lakini ziwa ni moja, sheria si moja. Usiende kumsomea trafiki wa Mwanza kanuni za Kenya.

Binti Ukara
Naomba kuuliza hapohapo. Kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga, gari limezimwa, mtu ameshuka hata kununua karanga, akirudi akashika simu ni kosa? Nauliza kwa sababu ile foleni ikianza kusogea watu wanasogea simu bado iko begani.

Wakili wa Kona
@Binti Ukara ukiwa umezima na foleni haisogei, sioni wa kukushika. Ile ya begani wakati foleni inasogea ndiyo yenyewe. Gari limesogea mita tano, mbele kuna mama na beseni la samaki, wewe shingo imepinda. Hapo mimi mwenyewe sikutetei.

@KentaYaDagaa, la mshahara nilikuwa nimelisahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia. Lazima iwe sheria inaagiza, au amri ya mahakama, au wewe umekubali kwa maandishi. Hata anapodai umemtia hasara, akueleze kwa maandishi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Akikata kwa nguvu, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wana ofisi Mwanza. Na ile simu yake ya saa ileile itunze kwenye orodha ya simu zilizoingia, usiifute.

Baba Kulwa
Haya, mshitaki tajiri, halafu uje hapa na uzi wa kutafuta kazi.

Mzee wa Nyakato
@Baba Kulwa hakuna aliyesema amshitaki. Kumwonesha kifungu ukiwa umekaa naye kwenye kahawa si kumshitaki.

KentaYaDagaa (mtoa mada)
Wabeja sana wakuu. Nimeisoma karatasi tena, mahali pameandikwa jina la barabara tu, hakuna neno la kuegesha vibaya. Leo nimepita pale na utingo, kibao hakuna, picha nimepiga. Kesho naenda kwa mkuu wa trafiki kwanza kabla ya kusema mahakama. Tajiri nimemtumia kile kifungu cha 28, ameona, hajajibu. Ila jioni fundi wa stata amekuja bila mimi kumwita.

Boda wa Igoma
Samahani kwa kuchelewa. Na sisi bodaboda tukiandikiwa ni hiyohiyo 30,000?

Wakili wa Kona
@Boda wa Igoma hapana, yenu na ya bajaji ilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Ila ukiongea na simu umeibana ndani ya helmeti, usiseme umeegesha.