Nakala 64 za X-Men #1 na 22 za Superman #75: zipi zibaki, na zihifadhiwe vipi?

Rundo86

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa hesabu na wa utunzaji. Rundo lenyewe la komiki ni hili:

X-Men #1 ya 1991, nakala 64. Jalada la Magneto ni 9, lile refu linalokunjuka ni 8, na majalada matatu yaliyobaki ni 20, 19 na 8. Kila nakala imo kwenye mfuko wa plastiki wa zamani, na mingi imeanza kuwa na mawimbi na kunata.

Superman #75, nakala 22 ndani ya mifuko myeusi ya kiwandani. Hazijafunguliwa.

Zote zimelazwa kwenye katoni mbili za kawaida, moja juu ya nyingine, sakafuni. Je, kuna maana ya kubaki nazo zote? Zipi zifae kupelekwa kupangiwa gredi, yaani kupimwa hali na kupewa alama? Na hiyo mifuko myeusi, ifunguliwe au iachwe?

Jalada_la_Nyuma

Anza na idadi iliyochapwa, maana ndiyo inayoamua mengine. Maduka yaliagiza zaidi ya nakala milioni 8 za X-Men #1. Wasomaji wa kiasi hicho hawakuwepo. Kulikuwa na majalada matano: manne ya dola 1.50 ambayo ukiyapanga yanaunga picha moja, na la tano la dola 3.95 lenye picha nzima. Aliyetaka yote alinunua tano, na mlanguzi akabeba boksi zima. Mchezo huohuo ulichezwa kwenye X-Force #1 ya mwaka huo, ambayo iliuzwa karibu milioni 5: kila mfuko ulikuwa na kadi moja kati ya kadi tano tofauti, kwa hiyo ukihitaji kadi zote unanunua komiki tano zilezile, na ya sita ya kusoma.

Tena maduka ya komiki yalinunua kwa sharti la kutorudisha mzigo. Kisichouzwa hakikuharibiwa, kiliingia stoo, na stoo hizo zinaendelea kutapika nakala safi hadi leo. Kwenye vibanda vya magazeti ilikuwa kinyume, kilichobaki kilirudishwa au kuharibiwa.

Watu hutaja Action Comics #1 kama mfano wa utajiri wa komiki. Ile ya Juni 1938 iliuzwa senti 10, watoto wakaisoma hadi ikachakaa, wazazi wakatupa, kisha Vita Kuu ya Pili ikaja na ukusanyaji wa karatasi chakavu. Imekuwa adimu kwa sababu hakuna aliyerundika. Ukirundika wewe na wenzako laki moja mkarundika, uhaba utoke wapi? Howard the Duck #1, yenye tarehe ya Januari 1976 kwenye jalada, ilionyesha hilo mapema. Walanguzi waliifagia kabla haijawafikia wasomaji, bei ikaruka kwa uhaba wa kutengenezwa, halafu maboksi yalipoanza kufunguliwa ikateremka.

Kwa rundo lako, acha kuhesabu nakala, hesabu seti. Una majalada matano na idadi ndogo kabisa ni 8, kwa hiyo una seti 8 kamili, yaani nakala 40. Zinabaki 24: kumi na mbili za jalada moja, kumi na moja za jingine, na Magneto moja. Seti inauzika, kwa sababu mnunuzi anataka picha iungane. Zile 24 ni za kubadilishana, kugawa, au kuuza kwa mkupuo. Mimi ningebaki na seti mbili, moja bora na moja ya kusoma.

PiniMbili

Kabla ya kuuza hata moja, zichambue. Nakala 64 za toleo moja hazilingani kamwe, na kazi yako ni kuzipata zile tatu au nne bora.

Nawa mikono, ikauke kabisa, usipake mafuta. Glavu za kitambaa hazisaidii sana, zinakunyima hisia ya vidole na zinakwaruza kona. Tandika karatasi nyeupe mezani. Mfuko ukiwa na selotepu, ibandue yote na uitupe kabla ya kuvuta komiki. Hapa ndipo watu wengi huharibu nakala iliyokaa salama miaka 30: selotepu iliyo kwenye mdomo wa mfuko inanasa jalada la nyuma wakati wa kutoa na kung'oa wino. Mfuko unaonata usiuvute hata kidogo. Ukate kwa mkasi pande mbili, uufungue kama bahasha.

Kisha weka taa ubavuni, karibu na usawa wa meza, uzungushe komiki polepole. Mwanga wa juu unaficha mabonyeo, wa ubavuni unayaanika yote. Angalia kwa mpangilio huu: mgongo, pini, kona nne, jalada la nyuma, halafu ukurasa wa katikati kama bado umeshikwa na pini zote mbili. Mgongoni tafuta vistari vidogo vya mkunjo karibu na pini. Kistari ambacho hakijavunja rangi ni jambo dogo. Kilichoacha alama nyeupe kimevunja wino, na hakirudi.

Gawa mafungu matatu. La kwanza ni lisilo na mvunjiko wowote wa rangi, kona kali, pini ziko katikati na zinang'aa. La pili lina vistari viwili vitatu na kona iliyofifia kidogo. La tatu ni mengine yote. Usishangae fungu la kwanza likiwa na nakala tano tu kati ya 64, kwani kulazwa kwa rundo refu kunaumiza migongo, na nyingine zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro za ukataji.

Kuhusu gredi: kipimo cha CGC, kampuni inayopanga gredi za komiki, kinaanzia 0.5 hadi 10, na kwa toleo hili nakala za 9.8 zilizokwisha kusajiliwa ni maelfu. Ada ya kupanga gredi ni ileile nakala ikipata 9.8 au 9.2, ongeza usafirishaji wa kwenda na kurudi. Kwa toleo la kawaida kama hili, 9.4 huwa hairudishi ada. Peleka zile tu ambazo umezikagua mara mbili, kwa siku mbili tofauti, na hujaona kitu. Zikiwa hakuna, usipeleke.

Na tafadhali usizipige pasi nyumbani. Kunyoosha kitaalamu huondoa bonyeo lisilovunja rangi. Pasi ya nguo huyeyusha mng'ao wa jalada na kuchapa umbo la pini upande wa pili.

Kurasa_Njano

Naongeza kwa PiniMbili: usidhani "zilezile" ni zilezile. Kwenye komiki za Marvel za miaka hiyo tazama kisanduku kidogo cha chini kwenye jalada. Kikiwa na mchoro mahali pa msimbo wa mistari, nakala ilitoka duka la komiki. Kikiwa na msimbo, ilipita kwenye vibanda vya magazeti, na hizo zilizobaki katika hali nzuri ni chache zaidi, kwa hiyo wapo wanaozitafuta. Zitenge.

Kwa wenye marundo ya miaka ya 1970 hili ni la muhimu kuliko yote. Mwaka 1976 Marvel ilijaribu bei ya senti 30 katika baadhi ya maeneo wakati kwingine ilikuwa 25, na 1977 ikajaribu 35 dhidi ya 30. Star Wars #1 ya Julai 1977 yenye bei ya senti 35 kutoka jaribio hilo inatafutwa sana. Tatizo ni kwamba machapisho ya marudio nayo yana bei ya 35. Ya jaribio ina bei ndani ya kisanduku cha mraba na msimbo wa mistari kamili, na haitaji popote kwamba ni marudio, si juu ya jalada wala katika maandishi madogo ya ndani. Mtu mwenye nakala 30 za Star Wars asiyesoma bei ya kila moja anaweza kuuza kwa mkupuo kitu ambacho hakukijua.

MtunzaKaratasi

Mimi niongelee uhifadhi tu.

Mifuko yenye mawimbi na kunata itoke yote. Polipropilini na polithini huchakaa, na ushauri wa kawaida ni kubadilisha kila miaka 5 hadi 7. Mylar, yaani plastiki ya poliesta, haina shida hiyo lakini ni ghali. Kwa toleo la kawaida namna hii mfuko wa Mylar na kadi yake vinaweza kukaribia thamani ya komiki yenyewe, kwa hiyo ufanye ubaguzi bila haya: fungu la kwanza liingie Mylar, fungu la pili polipropilini mpya, na fungu la tatu liwekwe nakala mbili kwa mfuko mmoja, migongo ikielekea upande mmoja na kadi moja katikati yao. Hapo kwenye fungu la tatu umepunguza nusu ya mifuko na nusu ya kadi.

Upana wa mfuko: inchi 6⅞ unatosha komiki ya miaka ya 1990, ila unabana. Kwa lile jalada linalokunjuka chukua 7⅛, vinginevyo utakunja kona wakati wa kuingiza. Kadi iwe isiyo na asidi na yenye kalisiamu kaboneti, inayozima asidi. Kadi ya bei rahisi inayodai haina asidi lakini imetengenezwa kwa massa ya kawaida ya mbao na kupakwa tu juu, asidi yake hurudi baada ya miaka michache, ikaacha jalada la nyuma na kivuli cha kahawia.

Karatasi ya gazeti hugeuka njano kutokana na lignini (kiambato cha mbao) na asidi iliyomo ndani yake. Mfuko hauzuii hilo. Kinachopunguza kasi ni baridi, giza na ukavu wa wastani: nyuzi 18 hadi 21, unyevu kati ya asilimia 40 na 50. Ukipita 65 kuvu huota, na pini huanza kutu hata kabla ya hapo. Ukishuka chini ya 35 karatasi hukakamaa na kupasuka ukifungua. Kipimo kidogo cha unyevu ndani ya boksi kina faida kuliko pakiti kumi za silika za kufyonza unyevu zisizobadilishwa.

Wanaosema mifuko haina haja hutaja mkusanyiko wa komiki wa Edgar Church wa Denver, uliopatikana 1977, maelfu ya komiki za zamani zilizokaa bila mfuko wowote zikiwa kama mpya. Ni kweli, lakini zilikaa gizani, katika hali ya hewa kavu ya Colorado, zimebanana kwenye marundo kiasi kwamba hewa haikuingia. Mazingira yalifanya kazi ya mfuko.

Katoni zako ziondoe sakafuni, angalau sentimita 10 juu, na zisiguse ukuta wa nje. Tumia maboksi ya komiki, zisimame wima. Boksi fupi hubeba takriban nakala 150 zenye mfuko na kadi, kwa hiyo seti zako zote na Superman zinaingia bila kubanana. Usiache boksi nusu tupu. Nakala zinalala mshazari na baada ya miezi mgongo unapinda. Jaza nafasi kwa kipande cha sponji au katoni iliyokunjwa, ukiacha upenyo wa vidole viwili. Ukilazimika kuzilaza, geuza mgongo kila baada ya nakala kumi, kwa sababu upande wa pini ni mnene zaidi na rundo huinama.

Rundo86

Nashukuru sana wakuu. Swali la mifuko myeusi bado. Na je, kuna hasara ya kuuza zote kwa mara moja?

PiniMbili

Superman #75, toleo la kifo cha Superman, ilitoka Novemba 1992, na ndani ya mfuko kuna vikorokoro: kitambaa cheusi cha mkononi, bango, tangazo la kifo la gazeti la Daily Planet, stempu na kadi. Mnunuzi wa mfuko uliofungwa ananunua ukamilifu, basi fungua moja tu, ya kutazama, nyingine uziache.

Tatizo ni kwamba huwezi kuona hali ya komiki kupitia plastiki nyeusi. Pitisha vidole polepole kwenye kona na mgongo, kona iliyovunjika inasikika. Mfuko uliobana sana huwa umezipinda kona za juu. Na usizilundike: vile vitu vya ndani havina upana sawa na komiki, na chini ya uzito kingo zake hujichapa kwenye jalada. Zisimamishe, kila moja ndani ya mfuko mpana zaidi wenye kadi nyuma. Nafasi ya kununua mfuko mwingine mweusi ukichanika haipo.

Jalada_la_Nyuma

Usitangaze 22 kwa pamoja. Mnunuzi akiona nakala 22 anajua una haraka, na atangoja ushuke. Weka mbili, ziuzike, weka nyingine mbili. Picha ziwe za nakala yenyewe unayouza, mbele na nyuma, pamoja na mgongo ukipigwa mwanga wa ubavuni. Fungu la tatu la X-Men liuze lote kwa mtu mmoja, bila kuhangaika na moja moja, maana gharama ya kufunga na kutuma nakala moja itameza unachopata.

Kurasa_Njano

Kwenye kufunga: komiki katikati ya vipande viwili vya katoni vilivyozidi ukubwa wake sentimita 2 kila upande, mistari ya ndani ya katoni ikipishana, kimoja wima kingine mlalo, ili isikunjike upande wowote. Gundisha mfuko kwenye katoni kwa utepe wa karatasi, usiguse mdomo wa mfuko. Nakala zikizidi tano tumia boksi, siyo bahasha.