Mtutu wa Remington 1100: huu wa Magnum utaingia kwenye yangu?

Mpunga Mwekundu: Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, tena wa haraka. Nina shotgani Remington 1100, geji 12, ile inayojipakia yenyewe. Siku hizi inapiga moja inakwama, ganda linabaki ndani mpaka nilichokonoe. Nimeambiwa mtutu umechoka. Nimepata mwingine wa mkononi, uko safi, umeandikwa Magnum inchi 3. Swali ni moja tu, utaingia au hautaingia? Nguruwe pori wanamaliza mpunga huku Kilombero na usingizi sina.

Nguruwe Hapiti: Mkuu pole sana. Mwaka wa njaa sisi tulilala shambani na madebe, tunagonga usiku kucha. Siku tatu wakakimbia, siku ya nne wakazoea, nadhani walikuwa wanacheza. Babu alikuwa na gobore, akipiga moja hadi apakie tena nguruwe ameshamaliza jaruba na kwenda kuita wenzake.

Fundi Mstaafu: Kuingia na kufaa ni vitu viwili, mwanangu. Soma namba iliyochongwa kwenye bodi, lile boksi la chuma mtutu unapochomekwa, upande wa kushoto. Mwishoni pana herufi. V maana yake bodi ya geji 12 ya risasi za kawaida, zenye urefu wa inchi 2¾. M ni Magnum, ya risasi ndefu za inchi 3. Hiyo herufi ilete hapa kwanza. Na uhakikishe mtutu ni wa 1100 kweli. Watu wanauziwa mitutu ya Remington 870, bunduki ya kukoki kwa mkono, mitutu yake haina matundu ya gesi kabisa. Wa Remington 11-87 nao una mfumo wake wa gesi, usidanganyike kwa kuwa wanafanana sura.

Dada wa Malinyi: Kila kitu bunduki. Umejaribu kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya? Hata nguruwe ana sheria yake, ukimpiga hovyo utajikuta wewe ndiye uliyewindwa.

Mpunga Mwekundu: Dada afisa nimemfuata, gari halina mafuta. Fundi asante, herufi nitaangalia, kutu imeshika. Ila nauliza tu kwa ujumla, mtutu wa Magnum si ndio una nguvu zaidi? Mkubwa si unabeba na mdogo?

Fundi Mstaafu: Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bunduki hiyo inakula gesi ya risasi yenyewe. Baruti ikilipuka, gesi kidogo inashuka kwenye matundu ya mtutu, inasukuma pistoni, pistoni inarudisha boliti, ganda linaruka. Mtutu wa Magnum umetobolewa kwa ajili ya risasi nzito, kwa hiyo gesi unayoishusha ni chache. Ukiweka risasi za kawaida, pistoni haipati msukumo wa kutosha. Utakuwa umenunua ugonjwa uleule unaoukimbia. Kinyume chake ni hatari zaidi: risasi ya inchi 3 inaweza kuingia kwenye chemba ya 2¾, pale risasi inapokaa, bila kulalamika, kwa sababu inchi hizo zinapimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ukipiga, mdomo wa ganda unafungukia kwenye shingo, pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba, presha inapanda. Usijaribu.

Bongo hadi Houston: Huku Marekani mtutu peke yake sheria ya serikali kuu haiuhesabu kuwa silaha, unauagiza kwa posta kama spea ya gari. Lakini kuutoa nje ya nchi ni kesi nyingine, unahitaji leseni ya Wizara ya Biashara. Mleta mada, huo mtutu uko wapi sasa hivi?

Mpunga Mwekundu: Upo. Unakuja.

Bongo hadi Houston: Unakuja na nani?

Mpunga Mwekundu: Shemeji anatua Alhamisi. Ameufunga ndani ya zulia. Nimeshamtumia pesa yote, kwa hiyo mambo ya leseni tuyaache, mimi nimeuliza kuingia tu.

Kiroboto: Zulia 😂😂 Shemeji anakuja na zulia lenye mfupa. Pale uwanjani mashine ikiliona tutakusoma magazetini.

Mama Wawili: Samahani wakuu, mimi naona hamjamuuliza la maana. Kaka, kibali cha hiyo bunduki kina jina la nani?

Mpunga Mwekundu: Kibali kipo.

Mama Wawili: Sijauliza kama kipo.

Mpunga Mwekundu: Cha marehemu baba. Jamani msianze. Mzee aliinunua kihalali kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao mwaka wa uhuru, 1961, akailipia kibali hadi anafariki. Mimi ndiye kifungua mimba, ukoo wote unajua iko kwangu. Nikiipeleka polisi nani atanirudishia? Na mpunga je?

Mama Wawili: Kaka yangu, kibali hakirithiwi kama shamba. Mume wangu alipofariki tuliikabidhi kituoni ndani ya wiki ya msiba, na nilikuwa bado nimejifunga kaniki. Anayeitaka anaomba upya kwa jina lake, anaanzia serikali ya kijiji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina kifungu cha ukoo kujua.

Mchunguzi Huru: Ngojeni kidogo. Remington walianza kuuza 1100 mwaka 1963. Huyo mlowezi wa 1961 aliipata wapi? Hii ni chai.

Kiroboto: Chai ya maziwa, na tangawizi imo.

Nguruwe Hapiti: Mimi nilishaanza kumhurumia!

Mchunguzi Huru: Herufi haileti, picha haileti, shemeji Alhamisi. Huyu ni dalali, keshokutwa atauza mtutu hapahapa jukwaani.

Mpunga Mwekundu: Mzee ndiye aliyesema mwaka wa uhuru, mimi sikuwepo! Labda alimaanisha Jamhuri, labda Azimio, wazee wote miaka yao ni hiyo. Nimesugua kutu kwa mafuta ya taa. Herufi ni V. Mmefurahi?

Fundi Mstaafu: Chai au si chai, V na Magnum hazikai pamoja. Na nina wasiwasi mtutu wako wa zamani hauna kosa. Kwenye bomba la risasi, mbele ya pistoni, hukaa lastiki nyeusi ya duara. Ikipasuka gesi inavuja, ganda linabaki ndani, dalili zilezile ulizotaja. Kitu cha bei ya soda. Ila mimi sikuelekezi kuifungua hadi iwe na mwenyewe kisheria. Ipeleke anakosema Mama Wawili, ikirudi kwa jina lako nitafute.

Mpunga Mwekundu: Shemeji anasema hela hairudi. Kwani zulia akilileta bila mtutu, mtutu nani anautaka huko Houston?

Bongo hadi Houston: Usiniangalie mimi.

Mpunga Mwekundu: Basi moda funga uzi.

Mchunguzi Huru: Moda usifunge. Picha ya hiyo V kwanza.