Mnawatambuaje wanaojitolea kwenye mtaa wenye watu wa kila aina?

DadaKatibu:
Habarini wadau. Mi ni katibu wa kamati ya mtaa na mtaa wetu umechanganyika kweli, lugha nyingi, dini tofauti, kuna waliozaliwa hapa na waliohamia juzi tu. Kila tarehe 5 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Wanaojitolea, tunawaita watu mbele tunawapa vyeti. Sasa nimekaa naangalia picha za mwaka jana nikagundua karibu wote tuliowaita ni wa lugha moja, na nusu yao ni wajumbe wa kamati yenyewe. Kuna mama mmoja, mgonjwa asiyejua lugha ya hapa akiwa na miadi hospitali yeye ndo anamsindikiza, anakaa naye foleni, anamtafsiria mpaka maelezo ya dawa, na hakuna hata mmoja aliyemtaja. Roho imeniuma sana. Afu kuna kijana tulimwita tukawa tumekosea jina lake kwenye cheti, alipokea vizuri akatabasamu, ila kwenye picha unaona kabisa kidole gumba amekiweka pale pale kwenye jina. Mwaka huu sitaki yajirudie, nianzie wapi?

Jirani_Mwema:
Pole dada, hata sisi yalitukuta. Angalia majina mnayapataje, kama fomu iko lugha moja na inazunguka kwenye grupu la WhatsApp ambalo watu kibao hawamo, lazima mpate walewale. Sisi fomu tuliiacha, tukawatuma watu wanaojua lugha za majirani waende mlango kwa mlango. Na msiulize "nani anajitolea", maana wengi hawajioni hivyo, atakwambia mi namsaidia jirani yangu tu. Uliza "mwaka huu ulipopata shida nani alikuja?" Hapo majina yanamiminika, tena ya watu ambao kamati haijawahi kuwasikia.

Bi_Mtulivu:
Naongezea kidogo, kabla hujamwita mtu mbele muulize kwanza. Kuna watu imani yao ni mkono wa kulia ukitoa wa kushoto usijue, na hilo liko kwa Waislamu na kwa Wakristo pia, ukimsimamisha jukwaani unamuumiza huku unadhani unamheshimu. Wengine walikimbia kwao kwa sababu za usalama, picha yake ikipandishwa Facebook na jina lake anaweza kupata matatizo makubwa. Jina pia muombe aandike mwenyewe kwa mkono wake, herufi kwa herufi, nyie mnakili tu.

Mdau_wa_Nauli:
Mi vyeti sivikatai ila tusiishie hapo jamani. Huyo mama nauli ya kwenda hospitali anatoa wapi? Mfukoni kwake. Siku yenyewe Umoja wa Mataifa walipoiweka mwaka 1985 waliita ya wanaojitolea kwa ajili ya maendeleo ya uchumi na jamii, kwa hiyo mtu anayefanya kazi hiyo asizidi kufilisika kwa sababu yake. Rudisheni nauli, lipeni na salio la simu pia. Na kwa waliohamia karibuni waandikieni barua inayosema alifanya kazi gani na kwa muda gani, mtu anayetafuta ajira pahala asipojulikana barua hiyo inamfaa kuliko kikombe cha kuweka kabatini.

Kaka_Mpole:
Ila dada usije ukagawa kwamba kila kabila au kila dini mtu mmoja, mtu akijua kaitwa kujaza nafasi ya watu wake heshima yote imeisha. Tafuteni vizuri kama alivyosema Jirani_Mwema hapo juu, mchanganyiko utakuja wenyewe.

DadaKatibu:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Jana nilienda kwa yule mama nikamuuliza angependa tumshukuruje. Akanyamaza kidogo afu akasema jukwaani hapana, anaomba apatikane mtu mwingine anayejua ile lugha wapokezane, maana kuna siku miadi ya watu wawili inagongana na inabidi amwache mmoja. Nimeshapata wawili waliokubali, na nauli naipeleka kikao cha Jumamosi. Yule kijana nimempa karatasi kaandika jina lake mwenyewe, kumbe kuna herufi mbili tulikuwa tunaziruka miaka yote hata tukimwita.