Ushauri: Namna ya kufuatilia historia ya kijeshi ya ukoo, kuanzia askari wa Mjerumani hadi JWTZ

Mjukuu wa Unyanyembe:

Wakuu, heshima zenu.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kupekua kumbukumbu za kijeshi. Katika ukoo wetu, ambao asili yake ni Tabora, kila kizazi tangu enzi za Mjerumani kimetoa askari, na wazee waliokuwa wakiyasimulia hayo wamebaki wachache mno. Ukoo umenikabidhi kazi ya kuyaandika kabla hayajapotea, nami ningependa kila ninaloandika liwe na kitu cha kulitegemeza zaidi ya masimulizi ya barazani.

Tunayosimuliwa ni haya. Baba mzazi wa babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani, akapigana Tanga mwaka 1914, kisha akafuatana na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, hadi waliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Babu yangu aliingia Keya, yaani KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), wakati wa Vita Kuu ya Pili na akafika Burma. Baba yangu alikuwa JWTZ, alipigana Vita vya Kagera, na alifariki akiwa ameshastaafu. Kaka yangu naye alikwenda Darfur katika kikosi cha kulinda amani. Yeye yupo hai na anajieleza mwenyewe, kwa hiyo hanisumbui.

Tulivyonavyo ni medali mbili za mviringo na moja ya nyota, ambazo zote tunaambiwa ni za babu. Picha yake akiwa amevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja. Na karatasi iliyoliwa na mchwa, ambayo kinachosomeka vizuri ni tarakimu 26 tu. Je, nianzie wapi, na kumbukumbu za namna hii zinapatikana wapi? Aidha, yupo mtu aliyetufuata akidai kwamba kwa malipo kidogo ataweza kutufuatilia fidia ya babu Uingereza. Tumsikilize?

Kaa la Moto:

Kuhusu huyo wa fidia, msimpe hata senti, wala msimwachie karatasi wala medali. Watu wa aina hiyo wamezunguka kwa wajane na watoto wa askari wa zamani miaka mingi, na wakishapata vielelezo vya asili huwaoni tena.

Mpekuzi:

Ndugu, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uache kulitafuta jina na uanze kutafuta kikosi. Askari wa Kiafrika katika majeshi yote mawili ya kikoloni aliandikwa kwa jina lake na la baba yake, fulani bin fulani, na karani wa Kizungu aliliandika kadiri sikio lake lilivyolipokea, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu tofauti, huku watu kadhaa wakiitwa Juma bin Ali katika kompania moja. Kikosi, kwa upande mwingine, kilikuwa na namba yake, na katika jeshi la Waingereza kiliandika shajara ya vita karibu kila siku: kililala wapi, kilivuka mto gani, nani alijeruhiwa, mvua ilinyesha kiasi gani. Ukishajua batalioni ya babu yako, hata jina lake lisipotajwa popote, utaweza kusema kwa uhakika alikuwa nchi gani katika mwezi gani.

Sasa tuanze na mzee wa Mjerumani, maana ndiye mgumu kuliko wote. Vita ilipoanza, Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Wajerumani, ilikuwa na kompania 14 za askari, zikiwa zimetawanyika koloni zima, na si zote zilizokuwapo Tanga mwezi Novemba 1914. Ndiyo maana kauli kwamba alipigana Tanga haitoshi mpaka ijulikane alikuwa kompania ipi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam kwa mabomu mwezi Aprili 1945, na hilo limewakatisha tamaa wengi. Hata hivyo, mafaili ya ofisi ya makoloni yamebaki katika Bundesarchiv, yaani nyaraka za taifa za Ujerumani, mjini Berlin chini ya alama R 1001, na mafaili ya utawala wa Kijerumani yako hapa hapa Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa; ni hazina ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Ujiandae kukutana na mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa.

Kuhusu Abercorn naomba uwe na tahadhari. Waliokabidhi silaha huko tarehe 25 Novemba 1918 walikuwa askari wapatao 1,200 tu, pamoja na Wajerumani wachache na wapagazi. Lakini mimi bado sijakutana na ukoo wenye askari wa Mjerumani ambao mzee wake hakufika Abercorn! Ukoo wenu ni wa Tabora, na Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916, wakati vikosi vya magharibi chini ya Jenerali Wahle vikirudi nyuma kuelekea Iringa. Katika safari hiyo wako waliotekwa, waliotoroka wakarudi kwa familia zao, na walioendelea. Waulizeni wazee swali jepesi: huyo mzee aliwahi kusimulia habari za kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji? Lettow-Vorbeck alivuka mto huo Novemba 1917 na akakaa ng'ambo karibu mwaka mzima, akifika mbali kusini kabla ya kugeuka kuja Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mtu aliyefika Abercorn asingeweza kuisahau Msumbiji.

Wa Ngong Road:

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Nairobi, na nimefanya kazi ya namna hii kwa ukoo wa mke wangu, kwa hiyo naongezea moja tu. Kwa waliofariki vitani, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ijulikanayo kama CWGC, ina orodha inayopekuliwa bure katika intaneti. Kwa Vita ya Pili orodha hiyo inafaa sana: kule Taukkyan, nje ya Yangon nchini Burma (Myanmar ya leo), kuna mnara wenye majina takriban 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika Mashariki wamo. Kwa Vita ya Kwanza usitegemee kitu. Wapagazi na askari wa Kiafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu hawakuandikwa mmoja mmoja, na tume yenyewe ilikiri ubaguzi huo katika ripoti yake ya mwaka 2021. Kwa hiyo mtu akilikosa jina la mzee wa 1917 asidhani kwamba mzee hakuwapo.

Iwapo ukoo una ndugu aliyepotea baharini, ulizeni pia habari za meli ya Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kuelekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Watu karibu 1,300 walikufa, na kuna koo ambazo hadi leo zinasema tu kwamba mtu wao "alikwenda Bama (Burma) asirudi", ilhali hakufika huko kabisa.

Sajini Mstaafu:

Kuhusu marehemu baba yako, njia ni fupi kuliko mnavyodhani, ila ina utaratibu wake. Kumbukumbu za utumishi wa askari wa JWTZ hazifunguliwi kwa kila anayeuliza, na ni haki yake kwamba zilindwe. Msimamizi wa mirathi au mjane aandike barua rasmi Makao Makuu ya Jeshi, aambatanishe cheti cha kifo na uthibitisho wa uhusiano, na juu ya yote ataje namba ya jeshi inayoanza na herufi MT. Bila namba hiyo barua yenu itazunguka. Tazameni katika karatasi za pensheni, kitabu cha akiba, hata nyuma ya picha za zamani, kwani askari wengi wana mazoea ya kuiandika kila mahali.

Tena muulizwe mjane au rafiki zake aliingia Uganda kwa upande gani. Walioingia kupitia Mutukula na kwenda Masaka, na waliokwenda Mbarara, walipita njia tofauti ingawa vita ni ile ile, na hilo pekee litapunguza sana idadi ya vikosi vya kufikiria. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini mapigano kuelekea kaskazini yaliendelea hadi mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo msiishie Kampala katika maandishi yenu. Waliolala katika makaburi ya jeshi ya Kaboya kule Muleba wana majina yao pale. Ni mahali pa kupita ikiwa kuna wenzake mnaotaka kuwataja.

Mjukuu wa Unyanyembe:

Nawashukuru sana wakuu. Mtu wa fidia tumeshamfunga mlango.

Nimezitazama medali upya kwa kioo cha kukuzia. Nyota ina rangi ya shaba na katikati imeandikwa Burma. Medali moja ya mviringo ina mfalme mwenye taji, na nyuma yake simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, pamoja na miaka 1939 na 1945. Medali ya pili ni ya fedha, mfalme wake hana taji, na nyuma yake kuna mtu asiye na nguo juu ya farasi na miaka 1914 na 1918. Ukingo wa hiyo ya pili una maandishi yaliyolika: namba, kisha jina ambalo mwisho wake ni jina la baba wa yule mzee wetu wa Mjerumani, kisha herufi K.A.R. Kwenye karatasi nako, baada ya 26 zinaonekana herufi mbili za T. Je, hii inawezekana, ilhali mzee alikuwa wa Mjerumani?

Mpekuzi:

Inawezekana sana, na umepata zaidi ya ulichokuwa unakitafuta.

Medali ya fedha yenye mpanda farasi ni ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, na haiwezi kuwa ya babu yako kwa sababu ya umri. Medali za vita ile zilichongwa jina na namba ya mhusika ukingoni, tofauti na nyota na medali za Vita ya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wa Keya bila jina lolote. Kwa hiyo zile mbili nyingine hazithibitishi zenyewe kwamba ni za babu, ila hii ya fedha inajitaja mwenyewe. Na hapo habari ya Abercorn inabadilika: mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni za 6 KAR kwa kuwachukua, miongoni mwa wengine, askari wa Mjerumani waliotekwa. Mzee wako huenda alianza vita upande mmoja na kuimaliza upande wa pili, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kwa askari wa mshahara wa wakati ule, na ambalo wajukuu ndio waliolionea haya baadaye. Naomba usiandike kwamba alisaliti. Askari huyo aliikuta serikali ya Mjerumani imeondoka mjini kwake, na watoto wake walitaka kula.

Kaa la Moto:

Mpekuzi, usiende haraka hivyo. Medali hununuliwa, hurithiwa, na majina ya baba hufanana. Huenda ni ya ndugu wa mzee.

Mpekuzi:

Pingamizi lako ni la haki, ndiyo maana namba ya ukingoni ina thamani kuliko jina. Ndugu Mjukuu, mwaga unga laini juu ya maandishi kisha ufute kwa kitambaa kikavu, upige picha mwanga ukitokea ubavuni, lakini usiisugue wala kuing'arisha medali kwa dawa yoyote. Ikisomeka namba kamili, na ikiwa kabla ya K.A.R. kuna tarakimu ya batalioni, andikia nayo Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew ukiulizia orodha za medali. Mawasiliano ya Wizara ya Makoloni kuhusu KAR hadi mwaka 1926 yako chini ya alama CO 534, na shajara za vita za kampeni ya Afrika Mashariki ziko ndani ya WO 95. Kupekua katalogi yao ni bure. Nakala ndizo za kulipia.

Kuhusu karatasi, hizo T mbili zimetatua jambo ambalo lingeweza kukupoteza. Katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki palikuwa na brigedi ya 26 na pia batalioni ya 26, na hivyo ni vitu viwili tofauti, maana brigedi moja huundwa na batalioni kadhaa: brigedi ya 26 ilikuwa na batalioni ya 36 ya Tanganyika, wakati batalioni ya 26 ilikuwa katika brigedi ya 25. T.T. ni Tanganyika Territory, na iliandikwa pamoja na namba ya batalioni. Omba basi shajara ya 26 KAR katika mfululizo wa WO 172, kuanzia katikati ya 1944 hadi mwanzoni mwa 1945. Hicho ndicho kipindi ambacho divisheni ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, ikiugua malaria kuliko ilivyojeruhiwa kwa risasi, hadi Kalewa ilipochukuliwa mwanzoni mwa Desemba. Ile kofia iliyokunjwa katika picha inakubaliana na wakati huo. Kama babu aliwahi pia kutaja Uhabeshi au Madagaska, usiunganishe kwanza na batalioni hii; askari walihamishwa, na kila nchi itafutiwe shajara yake.

Jambo la mwisho kuhusu nyota: mwenye ile ya Burma kwa kawaida alistahili pia Nyota ya 1939–45. Waulize shangazi zako kama kuna medali nyingine iliyobaki kwa mtoto mwingine wa babu, kwa sababu mara nyingi ziligawanywa msibani.